Mama Muuza Maharage Niliyemfuta

Baba yangu, shikamoo.

Huku Sumbawanga ni baridi na upepo haupumziki. Sweta lako nalivaa hata mchana. Siku tatu nimekuwa nikichora barabara ya sokoni kwa rangi za mafuta, na kwa baridi hii hazikauki. Kila nilipoongeza mwanga kwenye mabati ya mapaa, rangi ya chini ilichanganyika nao, mpaka mtaa mzima ukawa kama tope. Vumbi nalo likanata. Jana nilikata tamaa, nikachukua kisu, nikakwangua upande wote wa kushoto.

Upande huo nilikuwa nimemchora mama mmoja wa Kifipa anayeuza maharage. Akaja kutazama.

"Mbona mimi sipo tena?"

Nikaona haya. Nikamwambia nimeharibu, nimeshindwa.

Akacheka kwa upole. "Basi acha pakauke, mwanangu. Mimi siendi popote. Kesho nitakaa palepale."

Leo asubuhi nimemkuta amekaa, amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya picha. Nimepitisha brashi mara chache tu, kisha nikaiweka chini nisije nikagusa tena. Baba, hilo ndilo lililokuwa likinishinda miaka yote, kuiacha picha ikiwa bado nzuri. Mabati yamepinda na rangi ina mchanga, lakini mama yupo, na ameshawaita wenzake wote waje kumwona.

Usiache kumeza dawa, na umkumbatie Mama kwa niaba yangu. Nawapenda sana.

Binti yako,
Tumaini