Jina, Kwetu na Alama

Jumatatu, 2 Julai 2018

Ukungu tangu alfajiri, na manyunyu. Nimevaa sweta mbili.

Ndambiri amepiga simu kutoka ofisi yetu ya Embu, sauti ya mtu aliyeshiba. Kikao cha Runyenjes kilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Ameniuliza kama sisi Wameru tutafikisha hata nusu. Nikamwambia asubiri Jumatano, Kangeta.

Niandike mambo yalivyo, kichwa kitulie. Bodi ya Mafunzo ya Mlimani inatunga sera mpya ya vyuo vya ufundi, Meru na Embu. Rasimu inasema asiye na C minus ya kidato cha nne hataingia diploma, hata awe na cheti cha ufundi mkononi. Na kazi za fundi mkuu zote zitataka diploma. Shirika letu, Ngazi, linataka neno moja libadilishwe: mwenye cheti apande. Ni hilo tu. Bodi itasikiliza wananchi Kangeta, Ijumaa iamue. Ikikosa ushuhuda wa wanaoguswa, rasimu inapita ilivyo.

Mukiri, mdogo wangu, yuko kwangu mwezi huu. Anatandaza nyaya za umeme katika kanisa jipya kule Nkubu. Ana cheti, na mikono yake inajulikana. Chuo kimemwambia kama anataka diploma arudie kidato cha nne. Mama wa mtoto mmoja, avae sketi ya shule!

Nimemwomba aseme hayo Kangeta. Amekataa. Sababu naijua. Siku ya mahari, baba mdogo Riungu alimsifu mbele ya wakwe, kama desturi ilivyo: mchapakazi, mcha Mungu, na C plus ya kidato cha nne. Hakuna aliyemrekebisha. Tangu hapo mama mkwe wake, Wambeti, ametangaza hiyo C plus Siakago nzima. Mukiri ana D plain, D tupu.

Jumanne, 3 Julai 2018

Baridi. Jua kidogo mchana, likarudi kujificha.

Leo nimesoma tangazo la kikao upya, nikaona kosa. Saa nne asubuhi — Kangeta! Ndambiri ndiye aliyepanga, kwa saa za wakulima wa kahawa wa Embu. Saa nne Kangeta hakuna mtu wa kikao. Vijana wamekuwa juu ya miti tangu kucha, na wakishuka ni kufunga miraa mbio kabla magari ya Nairobi hayajaondoka.

Nikampigia. Akauliza kama hiyo miti yenu haiwezi kungoja siku moja.
“Kahawa yenu inangoja,” nikamwambia. “Miraa ikilala ni majani ya mbuzi.”
Akaomba msamaha, kwa sauti ndogo. Si mtu mbaya.

Katibu wa bodi, Ednah, anasema saa haiwezi kubadilishwa. Mchana bodi inatakiwa Mitunguu.

Basi nimefikiria hivi: kama watu hawawezi kwenda ukumbini, bodi iende kwa watu. Nimempigia Koome, mwenye banda kubwa la kufungia miraa. Amekubali kwa sharti moja, mkono wa mtu usiache kazi. Mukiri atakuja kuunganisha kipaza sauti. Kuunganisha tu, amenionya, na kidole juu.

Jumatano, 4 Julai 2018

Ukungu ulikuwa chini kabisa Kangeta, hata barabara ulikuwa unaisikia kabla ya kuiona.

Ukumbi wa kanisa: viti vya plastiki vimepangwa vizuri, mtu hakuna. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Marete, suti ya kijivu, alitazama viti, akanitazama mimi.
“Madam, naona wananchi wameridhika.”
“Wako kazini, mwenyekiti. Ni hapo chini tu.”
Alitaka kukataa, nilimwona. Lakini Gitari, mwandishi wa redio, alikuwa ameshatangulia na kinasa sauti chake. Mwenyekiti akafuata.

Bandani sakafu nzima ilikuwa ya kijani. Vijana wameketi kwa safu, wanachambua na kufunga. Akina mama wanapanga majani ya migomba ya kufungia. Koome akamwekea Bwana Marete gunia lililokunjwa.
“Karibu, mheshimiwa. Hapa tunaongea na mikono ikiendelea.”

Ednah akasoma rasimu. Kisha mwenyekiti akauliza: kuna mtu hapa anayeguswa na sheria hii?

Vichwa vikainamia miraa. Majani yakaendelea kukwaruza. Mimi nawajua, karibu banda zima linaguswa. Lakini alama ya kidato cha nne huku kwetu ni kama nguo ya ndani. Kila mtu anayo, hakuna anayeianika njiani. Bwana Marete akafungua kalamu. Nikajua anataka kuandika kwamba hakuna pingamizi.

Mukiri alikuwa bado amesimama na kipaza sauti, alikuwa anakijaribu. Nilimwona akiitazama ile kalamu.

“Naitwa Mukiri,” akasema, kama watu wanavyoanza katika kila kikao. “Kwetu ni Mikinduri, nimeolewa Siakago. Nilipata D plain.”

Mikono ikasimama. Koome mwenyewe akasahau sharti lake.

Akasema ana cheti cha umeme, alipita bila kurudia. Taa za hili banda ni yeye aliyezitundika mwaka jana. Hataki kuhurumiwa, anataka mlango. Bwana Marete akamuuliza kama angefanya mtihani uleule wa diploma wanaofanya wenye C.
“Huohuo. Msiupunguze hata swali moja.”

Kijana mmoja akanyoosha mkono apewe kipaza sauti. Naitwa Kirimi, kwetu ni hapahapa, D plus. Mwingine: D minus, fundi bomba. Mama mmoja mwenye mgongo uliojaa majani ya migomba: Marcella, kutoka Mitunguu, C minus kamili, lakini binti yake D, kwa hivyo anasema kwa niaba yake. Kisha sauti kutoka kona ya nyuma:
“Mimi E. Na tuition nililipiwa.”
“Kumbe E! Na kila siku unanisahihisha Kiingereza!” jirani yake akapaza.
Banda lilicheka hadi nje. Bwana Marete pia, nilimwona. Kalamu yake haikupumzika tena.

Kikao kilifungwa na honi. Magari yalikuwa tayari, kila mtu akainua mzigo wake akakimbia. Tukabaki na bodi na majani.

Sheria ya ofisi ni kwamba sisi wa Ngazi hatusemi katika kikao, tunaandika tu. Niliandika. Niliona fahari, na sioni aibu kusema hivyo hapa.

Jioni Ndambiri akapiga simu. Nikamsimulia. Akasema Runyenjes walijaa, ndiyo, lakini hakuna hata mmoja aliyetaja alama yake.
“Haya, Wameru. Leo ni yenu.”

Alhamisi, 5 Julai 2018

Mawingu asubuhi. Mlima ulionekana kidogo tu.

Redio imetoa sauti ya Mukiri katika habari za asubuhi, jina na kwao na alama, na tena mchana. Mwenye kibanda cha mboga amemwongezea sukuma wiki akakataa pesa. Baba mdogo Riungu alipiga simu kwa hasira: tumemuumbua mbele ya wakwe. Nikamwambia kwa heshima kwamba C plus ilikuwa yake, akaitafutie mwenyewe pa kuiweka.

Kutoka bodi hakuna neno. Ednah anasema wajumbe wenye wasiwasi na badiliko letu ni wengi, na Bwana Marete hajasema yuko upande gani. Kesho.

Mukiri hakula vizuri. Simu yake ikalia, akaangalia kioo. Mama Siakago, yaani Wambeti. Akaiacha ilie hadi mwisho. Ikalia tena. Akanitazama, nikainamia daftari hili.

Mara ya tatu akatoka nayo nje, akasimama kwenye mlango wa jikoni. “Ndiyo, mama. Ni mimi. Ni kweli, D.” Kisha akasikiliza, muda mrefu, kichwa kimeinama. Nimeketi hapa sisikii upande wa pili. Akajishusha taratibu, akakaa juu ya dumu la maji.

“Hata wewe, mama? D?”

Bado yuko nje, wanaongea. Sauti imeshuka, siyo ya kulia. Nimemwachia mlango bila komeo. Nalala, saa tano kasorobo.