Baltazari, Kibuyu Chako Kimerudi Nyumbani

Mwaka umetimia, Baltazari, tangu asubuhi ile ya baridi tulipokusindikiza hadi makaburini Pito. Bendi nzima ya parokia ilipuliza, na tarumbeta yako ikalala juu ya jeneza bila mpulizaji. Hatujazoea. Mkeo Albina bado anamimina chai vikombe viwili, kisha anajikasirikia na kurudisha kimoja kwenye birika.

Tunakumbuka ulivyopita mjini Sumbawanga mwezi wa sita na kile kipande cha kupulizia umekibana kwapani, ndani ya sweta, ukisema midomo yako haina ugomvi na chuma baridi. Ulifundisha watoto wa watu nyuma ya kanisa, na aliyekuja na njaa ulimpa uji kwanza, muziki baadaye. Hukuwahi kumfukuza mtu. Hata Fabiani hukumfukuza, na hapo ndipo ulipotuponza.

Jazi uliisikia redioni ukiwa kijana ukaipenda, ila kuiga hukutaka. Ulisema Ufipa ina jazi yake, na mwenye nayo ni shangazi yako Dominika. Watu wanakutana kulima kwa ujima, wanainua matuta pamoja, na wanawake wanaimba kumsimanga mvivu, shangazi akiongoza. Majembe yakiwekwa chini, pombe ya ulezi inatoka na nyimbo zinakoma. Siku moja ulikunywa, ukafunika mdomo wa tarumbeta kwa kile kibuyu chako cha kunywea, ukawa unafungua na kufunga. Tarumbeta ikaongea kwa sauti ya shangazi mwenyewe, na mkwaruzo wake na dharau zake zote. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Shangazi alinuna siku mbili.

Tangu hapo kibuyu na tarumbeta havikuachana. Wimbo wa shambani ukaufanya Wimbo wa Pito, ukaugeuza ndani nje, nusu saa nzima bila kurudia ulichokwisha kusema. Kuanzia Msanzi hadi Kasense, arusi bila wimbo huo watu waliiona haijakolea.

Sasa tumseme Fabiani, mpiga tarumbeta wako wa pili, uliyemfundisha tangu hajui chombo kinashikwaje. Wapo watakaosema tangazo la kumbukumbu si mahali pa mambo haya. Waseme.

Kwenye matanga yako alilia hadi akashikwa mabega. Siku ya tatu alimwomba Albina kile kibuyu, kiwe kumbukumbu ya mwalimu wake. Albina alimpa kwa mikono miwili. Miezi minne baadaye, akiwa anachambua maharage, alimsikia redioni. Fabiani alisema Wimbo wa Pito ameutunga yeye, kibuyu ni ubunifu wake, na marehemu Baltazari, Mungu amrehemu, alikuwa mpulizaji mzuri tu wa nyimbo za kanisani. Mwanao Hellena alitaka kwenda kumvunjia redio kichwani. Albina akamwambia akae, wamalize maharage.

Usiku huo hakulala. Utajiri hukutuachia, Baltazari, na hatulalamiki. Ulituachia jina lako juu ya wimbo ule, basi, na mtu alikuwa anakwenda nalo mchana kweupe.

Kulipokucha alijifunga kitenge akaenda kwa shangazi Dominika. Kuna jambo wanawake wa Pito wote walilijua, na wewe ulilijua, ila Fabiani hakulijua. Mvivu aliyesimangwa katika wimbo ule ni yeye. Maneno ni ya Kifipa, na kwa Kiswahili yanakuja hivi: Fabiani, tukishika mpini hatukuoni, tukishika kibuyu tunakupisha kiti. Angeyasikia wapi? Shambani alifika siku zote majembe yakiwa yameshawekwa chini. Wewe ukatukataza tusimwambie, ukasema ataumia, ni mwenzetu. Jukwaani ukawa unapuliza sauti tupu bila maneno. Ulimsitiri miaka kumi na moja. Utusamehe, sisi roho hiyo hatuna.

Tulisubiri arusi ya Kasense, baada ya Pasaka. Fabiani alikodiwa yeye na bendi yake, amevaa suti nyeupe, kifua mbele. Akatangaza kwamba sasa anapiga wimbo wake mwenyewe, akafunika tarumbeta kwa kibuyu akaanza. Shangazi Dominika, na miaka yake themanini na mbili, akasimama na mkongojo wake akaanza kuimba. Wanawake wa Pito wakaitikia. Fabiani alidhani anasifiwa, akafumba macho akaongeza mbwembwe. Mara ya pili alisikia jina lake. Mara ya tatu aliyasikia maneno yote, maana Kifipa ni lugha ya mama yake, na ukumbi mzima ulikuwa umeshadaka kiitikio, hadi bibi arusi.

Akaacha kupuliza. Albina alikuwa amekaa meza ya mbele, mikono mapajani. Hakupaza sauti.

"Endelea, Fabiani. Si umesema umeutunga mwenyewe?"

Hakuendelea. Alipitia mlango wa jikoni, na kibuyu alikiacha juu ya spika. Albina alikifunga kwenye kitenge akarudi nacho nyumbani. Alipofika alicheka peke yake hadi akatoa machozi, kisha machozi yakabaki yenyewe.

Padri alimwita akamwambia asamehe. Albina alijibu, "Shikamoo Padri, nitasamehe siku atakaporudi redioni na kulitaja jina alilolifuta." Hadi leo hajaenda. Basi akipita sokoni wauza dagaa wanamwimbia, hata watoto wasiojua Kifipa. Wimbo hawezi kuupiga tena popote. Tunajua wewe ungetukanya. Tumeburudika hivyo hivyo.

Misa itasomwa Jumapili hapa parokiani. Jumatatu tunalima shamba lako kwa ujima, na Hellena atapuliza kwa kibuyu chako. Kila mtu aje na jembe lake, alfajiri. Fabiani naye tumemwalika kwa barua, saa tumeiandika kubwa.

Unakumbukwa na mkeo Albina, binti yako Hellena, mdogo wako Shedrack, shangazi yako Dominika, wajukuu, majirani wa Pito na bendi yote ya parokia. Daima tutakukumbuka, Baltazari, na Fabiani tutahakikisha hatakusahau.