Mkiani mwa Simba

Jumapili asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri, matope yamefika mlangoni.

Hili sijamwambia mtu: jana ukumbini sikuteleza.

Baba Mdogo alirudi kutoka vita vya Burma na goti bovu na ngoma ya simba ya Wachina. Alijifunza huko kwa fundi viatu mmoja Mchina aliyewafundisha vijana kupigana mikono mitupu. Watu wawili huingia ndani ya simba wa kutengenezwa, mmoja kichwa, mmoja mkia. Lakini hachezi mtu kabla hajajua kusimama magoti yamekunjwa, kama aliyepanda farasi asiyeonekana. Miezi minne tumesimama hivyo kila jioni hapa Shauri Moyo, nyuma ya nyumba zetu. Nilidumu kuliko wote. Mapaja yakiwaka moto, nilikuwa nikikariri majina ya mito kimoyomoyo.

Kichwa akapewa mwenzetu Rashidi.

"Wewe mtu wa vitabu," Baba Mdogo aliniambia. "Mkia unataka mtulivu."

Mkia hauoni kitu ila visigino vya mwenzake. "Profesa, usinikanyage, viatu ni vya kaka," Rashidi alikuwa akisema, na wenzetu wanacheka. Mimi pia nilicheka.

Kibali cha kucheza kilitusumbua wiki sita. Jana watu wakajaa. Kabichi ilitundikwa juu ya mlango, na simba lazima asimame wima ainyakue kwa mdomo. Hapo mkia humshika mwenzake mshipi na kumwinua. Nilimwinua. Nikasikia ukumbi mzima ukiliita jina la Rashidi, nami nimeinama gizani chini ya blanketi la jeshi.

Nikafungua vidole.

Rashidi kavunjika mkono. Taya la simba limepasuka. Aliyeomba radhi mbele ya watu ni Baba Mdogo. Alisema kosa ni lake: simba hupakwa macho siku ya kucheza, ndipo anaamka, naye aliyapaka juzi kwa haraka ya kutaka kuyaona.

Leo amekuja na kichwa cha simba mkononi. "Chukua. Kilikuwa haki yako tangu mwanzo."

Nilikivaa mara moja. Nikakitazama chumba chetu kupitia mdomo wa simba, nikaona kitanda changu na vitabu vyangu. Nikakivua.

Jioni.

Nilikwenda kwa akina Rashidi. Nikamwamkia mama yake, nikakaa kando ya kitanda, nikasema nilichofanya.

"Mkono unaoteleza hukwaruza," Rashidi akajibu, hakunitazama. "Wako ulifunguka. Nilijua kabla sijafika chini."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utakuja. Haya, umekuja. Kichwa si umepata? Nenda kacheze, Profesa."

Akageukia ukutani.

Nilirudi nyumbani, nikakifunika kichwa kwa gunia kisilowe, nikakipeleka kwa Baba Mdogo. Nikakiweka mezani na kumweleza yote nikiwa nimesimama. Alichukua kitambaa na maji, akaanza kuyafuta yale macho. Nikamshikia bakuli mpaka alipomaliza.