Kitonga Alisahau Mitungi

Rita, leo nimeaibika! Mama mkwe ametoka hapa sasa hivi.

Si unajua vile Kitonga alinikataza kuongea na fundi wa makabati? Eti jikoni atapanga mwenyewe.

Mama amefungua kabati moja moja, mpaka la mwisho. Akamuuliza Kitonga, "Mwanangu, mitungi ya maji inakaa wapi?"

"Mama, siku hizi tuna mfereji."

Mfereji! Hapa Voi! Mama akaufungua, ukakohoa hewa tu.

Na pale pipa la maji lilikuwa, Kitonga ameweka rafu ya glasi za divai. Divai, Rita! Mzee wa kanisa!

Mama akaniambia, "Mama Mumo, mitungi ipange chumbani, upande wake wa kitanda."

Nimeipanga yote kumi. Sasa Kitonga ananiuliza atalala wapi.

Nimemwonyesha ile rafu.