Mheshimiwa Aliondoka Kabla ya Kahawa

Jumanne, 16 Agosti

Leo mbunge wa Marekani, Mheshimiwa Dorrance mwenyewe, ameketi sebuleni kwangu akaniomba ushauri kuhusu amani kati yetu Wapalestina na Waisraeli. Mimi! Fakhri, niliyeishia darasa la sita!

Uongo. Aliniuliza choo kiko wapi.

Lakini aliniuliza mimi, hakumuuliza mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji, aliyekuwa amevaa tai tangu alfajiri.

Kilichomleta nakijua. Niliendesha duka Ohio miaka ishirini na saba, jimboni mwake, na mpaka leo napiga kura kule kwa posta. Familia arobaini za hapa kijijini Deir Loz zinaishi huko. Novemba kuna uchaguzi. Mheshimiwa hutupenda sana kuanzia Agosti mpaka Novemba.

Nami nilikuwa na jambo langu. Moja tu. Kusai, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Ibtihal. Amezaliwa Ohio, pasi yake ya Kimarekani kama yangu. Miezi sita sasa jeshi la Israeli linamshikilia. Hana shtaka, hana kesi — ana faili la siri ambalo hata wakili wake haruhusiwi kulisoma. Tarehe 8 Septemba wataamua: aachiwe, au aongezewe miezi sita mingine. Ubalozi wa Marekani unasema unafuatilia kwa karibu. Karibu gani hiyo? Sijawaona hata kichochoroni.

Jana Ibtihal alinikalisha chini. Baba, usianze vichekesho vyako. Mwambie habari za Kusai, basi. Nikamwambia, mama, niachie mimi.

Walitakiwa kukaa saa nzima. Askari wa Israeli wakawachelewesha kwenye kizuizi cha barabarani, wakafika wamebakiwa na dakika ishirini na tano. Ibtihal akapindua sufuria ya makluba mbele yao, wali ukasimama wima, kuku na biringanya juu yake. Mgeni akapiga makofi. Sasa mgeni anakula — utamshushia shida zako na tonge liko mdomoni? Kwetu hapana. Mgeni hula, hushiba, huletewa kahawa chungu, ndipo mwenye haja husema haja yake. Hata adui huwekewa utaratibu huo. Kwa hiyo nikamchekesha ili ale vizuri.

Nikamwambia: Mheshimiwa, kura yangu inafika Ohio kwa siku tisa. Mimi mwenyewe Yerusalemu ni kilomita thelathini, na huu mwaka wa nne sijapewa kibali cha kufika. Afadhali mnibandike stempu!

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Msaidizi wake, binti mmoja anaitwa Corinne, akatupiga picha.

Ibtihal yuko mlangoni ananikodolea macho. Nikakusanya vidole nikamwonyesha — subiri, kahawa inakuja.

Corinne akatazama saa. Mheshimiwa akainuka, akafuta mdomo, akauliza choo, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, akanikumbatia, akapanda gari. Magari matano. Vumbi tupu.

Ibtihal akatoka jikoni na birika la kahawa mkononi. Aliimwaga yote kwenye mrehani wake.

Jumatano, 17 Agosti

Ibtihal hasemi nami. Ananiwekea chai kama anamwekea fundi wa mabomba.

Nikaenda kwa Baba Samih kinyozi, nikanyolewe nipate faraja. Faraja gani! Aliniwekea wembe shingoni ndipo akaanza.

"Kwa hiyo Baba Rushdi, umeishibisha Marekani?"

"Nilikuwa nangoja kahawa."

"Wamarekani hunywa kahawa wakitembea, mzee! Miaka ishirini na saba ulikuwa umefumba macho?"

Sikuwa nimefumba. Nilikuwa nawauzia mwenyewe. Vikombe vya karatasi, vyenye vifuniko, ili wasikae. Kila asubuhi vikombe mia mbili. Hakuna aliyekaa.

Na mimi nilijua. Ndilo linalonichoma. Nilijua, lakini nilikuwa nyumbani kwangu, na mtu akiwa kwake hujisahau akadhani dunia nzima imelelewa na mama yake.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimepiga simu ofisi ya Mheshimiwa. Mashine. Nimeongea na mashine dakika mbili, vizuri kabisa, bila kichekesho hata kimoja. Ningekuwa hivyo Jumanne!

Jumapili, 4 Septemba

Mwanangu Rushdi kanitumia picha kutoka Ohio. Vipeperushi viwili vya kampeni.

Cha kwanza kimegawiwa mtaa wetu, kwenye duka la nyama halali na msikitini. Mimi na Mheshimiwa, midomo wazi, wali katikati. Kimeandikwa: Anatusikiliza.

Anatusikiliza!

Cha pili kimegawiwa ng'ambo ya mto, kwa wenye majumba. Mheshimiwa na askari wa Israeli, mkono begani. Kimeandikwa: Hatayumba. Shati ni lile lile. Nimetazama kwa miwani — doa la mtindi wangu bado liko kolani.

Nikacheka. Kweli nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona Ibtihal yuko nyuma yangu anatazama ile ya kwanza. Akauliza kwa sauti ya chini, "Siku hiyo ulikuwa na furaha hivyo, Baba?"

Bora angenizaba kofi.

Jumanne, 6 Septemba

Corinne kapiga simu! Mwenyewe, si mashine. Moyo ukaruka.

Kumbe mpinzani wa Mheshimiwa ameiona picha yangu. Anatangaza kwamba Dorrance alikuja kwangu akaahidi kuzuia silaha zinazopelekwa Israeli. Wachangiaji wamekasirika, simu hazikatiki. Mwandishi wa gazeti moja atanipigia. Corinne ananiomba niseme ukweli tu: hakuahidi chochote.

Nikasema, na Kusai je? Keshokutwa ndiyo siku yake.

Akasema jina hilo analo, amelisikia kwenye mashine. Lakini Mheshimiwa akilishika sasa hivi, watasema, unaona, aliahidi. Baada ya uchaguzi itakuwa rahisi zaidi kwao kusaidia.

Baada ya uchaguzi. Nimeishi kule. Najua kinachokuja baada ya uchaguzi: uchaguzi mwingine.

Hata hivyo nikakubali. Nilifikiri, nikimwokoa mtu huyu, naye atakuwa na uso wa kuniangalia.

Mwandishi kapiga saa kumi. Kijana mpole, sauti yake kama ya mtu aliyekula vizuri. Je, Mheshimiwa aliwaahidi kitu? Nikajibu, aliahidi kurudi kula, zaidi ya hapo hakuahidi hata kufunga mlango. Tukacheka sana. Akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikasema sina.

Nimeandika hilo nalitazama. Nina la kuongeza? Sina. Niliogopa kuharibu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu bado anaogopa kuharibu!

Alhamisi, 8 Septemba

Wameongeza. Miezi sita.

Wakili anasema shauri lilichukua dakika kumi na moja. Hakuna aliyekuja kutoka ubalozini. Kusai amekonda, amefuga ndevu. Aliuliza kama babu yake mzima.

Ibtihal alikuwa ameshalisoma gazeti kwenye simu. Kanisogezea. Maneno yangu yale, na kicheko changu kwenye mabano. Akasema:

"Mara mbili walikutegea sikio, Baba. Mara mbili ukawachekesha."

Nikatazama tena nani aliyecheka kwenye mabano. Mimi!

Ijumaa, 9 Septemba

Nimeswali nyuma kabisa, karibu na viatu. Watu wananipa pole kana kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa.

Kusai alipokuwa mdogo kule dukani alikuwa akinikatiza: Babu, hicho kichekesho umeshakisema. Ni yeye peke yake aliyejua kunizuia.

Jumanne, 20 Septemba

Corinne kaandika ujumbe. Uvumi umezimika, Mheshimiwa anaongoza kwa pointi nne. Anashukuru. Anasema: nina deni la fadhila kwako, Mzee Fakhri, usisite kuniambia.

Nikamwonyesha Ibtihal. Akausoma amesimama mlangoni, kikapu cha nguo kiunoni. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika kama vile huna meno ya kuchekea." Akaenda kuanika.

Rushdi anasema Alhamisi ya wiki ijayo kamati ya Mheshimiwa inakaa na mkubwa mmoja wa wizara yao ya mambo ya nje. Kila mbunge ana dakika tano za kuuliza. Kila neno huandikwa na kuwekwa.

Naandika kwanza hapa. Nikifuta, nifute hapa.

Binti yangu Corinne. Asante kwa ujumbe wako. Sitaki pesa wala picha nyingine. Siombi Mheshimiwa azuie silaha, ninajua Novemba kuna uchaguzi. Siombi hata amlaumu mtu. Alhamisi ile atakuwa na dakika tano. Naomba sekunde tatu. Amtazame yule mkubwa wa wizara, aseme: Kusai Tawfik Dabbas, wa Ohio. Basi, aendelee na maswali yake. Jina likishaandikwa mle ndani, pengine mtu wa ubalozi atalazimika kwenda kumwona. Mwambie atamke Ku-sai, polepole, ni vipande viwili tu. Kama akisahau, wewe mwandikie kwenye karatasi, weka mbele yake kabla hajaanza. Kabla, binti yangu. Si mwishoni. Tafadhali, usiliache jina lake mpaka mwishoni.