Tunavyohesabu Mapacha

Jumatano, mvua za kwanza.

Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji yakitutisha tu, halafu mchana yakamwaga yote kwa pamoja. Vumbi jekundu la kiangazi kizima limegeuka tope, na viatu vyangu nimeviacha nje mlangoni, sitaki hata kuvitazama. Umeme umekatika, kama kawaida yake mvua ikitia mguu. Naandika kwa betri iliyobaki, kabla giza halijaingia, kwa sababu nisipoandika leo nitaanza kuongea peke yangu.

Nina hofu. Nianze na hilo.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu: nachambua takwimu za afya. Watoto wangapi wanazaliwa, wangapi wanatimiza mwaka, wapi, kwa nini. Mimi na namba tunaelewana vizuri, pengine kuliko mimi na watu. Mwaka huu ofisi ya afya ya jimbo iliiuliza timu yetu swali moja. Kuna wauguzi wanaowatembelea nyumbani akina mama waliojifungua mapacha, mpaka watoto wafikishe mwaka. Wanakuja na mizani ya kuning'iniza mlangoni, wanapima uzito, wanaangalia kama maziwa yanawatosha wote wawili, wanagusa paji la uso kutafuta homa. Mpango huo uko katika mitaa michache tu. Sasa wanataka kujua: upanuliwe mji mzima, au usimamishwe?

Tuliwatuma vijana na tableti zao, nyumba kwa nyumba. Majibu yaliporudi yalikuwa matamu. Mapacha wa mji huu wanaishi, penye wauguzi na pasipo wauguzi. Wakishavuka wiki za mwanzo, hawafi zaidi ya watoto wengine. Mchoro niliuchora mimi mwenyewe, nikachagua na rangi. Docteur Ramazani, mkuu wetu, akaandika pendekezo kwamba ziara zinaweza kusimamishwa, nguvu zipelekwe kwingine. Siku hiyo tulinunuliana soda na kupongezana.

Kesho asubuhi pendekezo hilo linaamuliwa kwenye mkutano wa ofisi ya afya.

Ijumaa iliyopita nilikwenda mtaa wa Ruashi. Ni utaratibu wetu: kabla ya kufunga kazi, mmoja wetu anarudi kwenye nyumba chache na kuuliza maswali yale yale, tuhakikishe vijana hawakuyajaza majibu wakiwa wamekaa kivulini na kitu baridi mkononi. Nyumba niliyoingia ilikuwa ya matofali bila lipu, mlango wa bati, na malori ya mgodi yakipita sufuria zinatetemeka. Mwenye nyumba ni dada mdogo tu, lakini mtaa mzima unamwita Mama Mapasa, mama wa mapacha, ndivyo heshima yetu ilivyo. Mtoto mmoja alikuwa anatambaa kwenye mkeka. Kwenye kamba vilianikwa vishati viwili vya kitambaa kimoja. Kimoja kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni. Kingine kilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

Nilimuuliza watoto wake wangapi wako hai.

"Mapasa yangu beko babili," alisema. "Bazima bote."

Na mimi, mtaalamu, nilifanya nini? Niliinama nikawasalimia wote wawili. Jambo Mbuyu, jambo Kabange. Mama yule alinitazama kwa shukrani mpaka nikaona haya. Nikagusa kioo cha tableti: wawili, hai. Nikaaga vizuri, nikatoka. Nilipofika kwenye gari ndipo nilipokumbuka kwamba nilimwona mtoto mmoja tu.

Nieleze kwa wasiotoka kwetu. Katika familia nyingi za kaskazini mwa Katanga, pacha anayetangulia kuzaliwa ni Mbuyu, na wa pili ni Kabange. Wanahesabiwa wawili, siku zote. Kwetu mmoja akiondoka duniani, mama halii, na lile neno la kuondoka halisemwi juu yake, kwa kuwa aliyebaki akisikia kwamba ameachwa, atamfuata mwenzake. Kwa hiyo ukiuliza utaambiwa wawili. Ukileta zawadi utaleta mbili. Hakuna anayekudanganya. Wanamlinda yule mmoja.

Vijana wetu nao ni watoto wa mji huu huu. Wameona mtoto mmoja, wamesikia wawili, wameelewa, wameandika wawili. Mgeni kutoka mbali angeropoka, "Mwingine yuko wapi?" na pengine angepata jibu. Sisi tuna adabu. Adabu yetu ndiyo iliyojaza jedwali langu watoto walioko makaburini.

Sasa nikilifungua naona mistari miwili miwili, jina la mtaa moja, tarehe ya kuzaliwa moja, na sijui katika kila jozi ni yupi anayepumua. Nimejaribu kukadiria. Nimejaribu kila hila niliyofundishwa shuleni. Namba hazisemi, zinanitazama tu, na nimeanza kulifunga jedwali hilo kabla sijamaliza kulisoma.

Jambo moja sijawahi kuliandika hapa. Mimi ni Kabange.

Nimekua na vitu viwili viwili. Kila Noeli magauni mawili, moja mwilini mwangu, jingine ndani ya sanduku la bati la mama. Kipande cha pili cha mkate kando ya changu, na ole wangu nikikigusa. Watu hudhani mtoto wa namna hiyo huwa mpweke. Sikuwahi kuwa mpweke hata siku moja, na hilo ndilo tatizo. Nilipopata malaria, Mbuyu alikuwa miguuni pa kitanda. Nilipopata shahada, wenzangu wakipiga kelele, mimi nilijiona kama nimekaa kwenye kiti cha mtu. Mpaka leo nalala ukingoni mwa kitanda, na nikiingia chumbani mwangu nabisha hodi kwanza. Mume wangu alinicheka, siku hizi ameacha. Tangu Ijumaa nimebisha hodi mpaka kwenye mlango wa ofisi, asubuhi, huku funguo ninazo mimi.

Jumatatu nilimweleza Docteur Ramazani. Ni mtu mwema, familia yake ni ya Maniema, Waislamu, babu yake alikuwa fundi wa nguo hapa mjini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake, jambo ambalo si la kawaida.

"Kwetu mutoto akikufa tunasema amekufa," aliniambia. "Tunamusomea dua, tunamuzika. Bile bya mapasa mi sikujua." Kisha akajisugua macho. "Lakini nyumba moja haiko preuve, haiko ushahidi, Kabange. Batatuuliza, na zingine?"

Jana tuliwakusanya vijana tukawauliza. Mmoja tu alijibu, kwa upole, kama anayemkumbusha mkubwa wake: "Madame, bile habiko bintu bya kusema." Kwamba hayo si mambo ya kusemwa. Sikuweza kumkasirikia. Mimi mwenyewe Ruashi nilisema nini?

Docteur amekubali kunipa nafasi ya kuongea kesho kabla ya uamuzi. Najua cha kuomba. Uamuzi usogezwe mbele, turudi mitaani, tusiulize tena wangapi wako hai. Tuulize nani alilala hapa jana, na wanaouliza wawe wanawake ambao wenyewe ni Mama Mapasa. Hiyo ni kazi, na kazi naiweza. Lakini nusu ya watakaokaa mezani kesho ni watu wa kwetu. Wanalijua jambo hili tangu utoto wao na watanyamaza kwa heshima. Akilisema mtu wa nje, watamwambia kwa tabasamu kwamba amekosea. Akilisema pacha kuhusu pacha wake, hawataweza kukataa. Mezani pale pacha ni mimi peke yangu, na neno lenyewe sijawahi kulitamka.

Ndiyo maana leo asubuhi nilikwenda mtaa wa Kasungami, kwa mama.

Nilimkuta barazani anachambua lengalenga. Alitusalimia, maana mama yangu hunisalimia kwa wingi tangu nikiwa mtoto, "Muko bien, batoto yangu?" Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua fungu la mboga, nikaanza kumsaidia ili nisimtazame usoni. Nikamweleza yote: Ruashi, vishati, wauguzi, mkutano. Aliendelea kuchambua. Mama ni mtu wa kusikiliza kwa vidole.

"Mama, kesho nataka niseme ya Mbuyu."

"Utasema nini?"

"Kwamba hayuko tena."

Vidole vikasimama. Mama akiogopa hapigi kelele, anashusha sauti mpaka uinamie. Aliniambia niyaache mambo ya ofisi yabaki ofisini. Nikamwambia kuna akina mama wengine leo, Ruashi na kwingine, na wauguzi hawatafika kwao kwa sababu karatasi yangu inasema watoto wote ni wazima. Halafu nikamuuliza kitu ambacho sikuwa nimepanga kumuuliza. Wakati wetu, kuna mtu yeyote aliyekuja nyumbani na mizani?

Aligeuza uso kuelekea barabarani.

"Hakuna muntu alikuya," alisema. "Maziwa ilikuwa ya mutoto moja. Kila asubui njo nilikuwa nachagula."

Sikuuliza alikuwa anamchagua nani. Nilikuwa nimekaa pale mbele yake, mtu mzima, mwenye afya, na majani ya lengalenga mapajani. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote hii nilidhani anayenitazama ni Mbuyu, kumbe mama alikuwa anatutazama sote wawili kila siku, akikumbuka ziwa lake na zamu za kunyonyesha. Hajawahi kumwambia mtu. Angemwambiaje, wakati kulia amekatazwa na neno lenyewe amekatazwa?

Nikamwambia, "Mama, basi uniache niende niseme."

Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Hapana. Usiende kusema. Niko na weye moja tu!"

Moja.

Tulisikia wote wawili. Mama alibaki na mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeangusha sahani ya watu. Kisha akalia. Nimezaliwa kwake, nimekulia kwake, nimemwona akimzika baba, sijawahi kumsikia akilia namna ile. Alilia kwa sauti, bila kujifunika uso, na jirani akachungulia kisha akarudi ndani. Nilimshika mabega. Mvua ikaanza, ikapiga bati mpaka tusisikilizane, na bado alilia. Nilimlilia pia dada yangu, kwa mara ya kwanza, na niwe mkweli, nilikuwa nasubiri kitu kinitokee. Kifua kikazwe, moyo usimame. Nilijihesabia mapigo kama mjinga.

Mvua ilipopungua alijipangusa kwa kitenge, akaokota majani yaliyomwagika, akauliza mkutano ni saa ngapi. Nikamwambia ni asubuhi.

"Basi uvale muzuri," alisema.

Hakusema nenda. Hakusema usiende. Nilimpa busu, nikatembea kwenye tope mpaka barabarani, na njiani niligeuka mara nyingi kuangalia kama nimefuatwa.

Sasa betri inaelekea kuisha. Gauni la bluu nimelipiga pasi ya makaa, limening'inia mlangoni. Chumba kimetulia na sijui kama utulivu huu ni mzuri. Nimesoma miaka mingi, najua uwezekano ni nini, najua sababu ni nini, na bado naogopa kwamba kesho nikilitamka lile neno, jioni sitarudi hapa. Docteur Ramazani angesema hiyo hofu haina preuve. Kweli haina. Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo iliyofunga mdomo wa mama yule wa Ruashi, na wa vijana wetu, na wa mama yangu, na kama siivuki mimi mwenye mshahara na gauni la bluu, nani mwingine atatakiwa kuivuka?

Wacha nijaribu hapa kwanza, mahali ambapo hakuna anayeniona.

Dada yangu Mbuyu alikufa. Alikufa kwa sababu maziwa yalikuwa ya mtoto mmoja na hakuna aliyekuja kutupima.

Kesho nitasema hivyo hivyo, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Na wakijifanya hawakusikia, nitarudia.