Ndege Iliyokalia Mkia

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe alidhani mimi teja! Yule dada wa duka la dawa, mwenye kicheko cha puani. Nimesimama pale jasho linanitoka, macho kwenye kaunta, nasema nataka sindano nyembamba kabisa, tano, bomba sitaki. Akaniangalia mikono. Akaniangalia macho. Akauliza ni za nani. Nikasema za ndege.

Ndo nikaharibu kabisa.

Nikachomoa ile karatasi ya picha mfukoni. Nikamwonyesha: ndege ya vita ya kuunganisha, plastiki, mikia miwili, injini mbili, rubani katikati, na bunduki tano zimejazana puani. Mitutu iliyokuja kwenye boksi ni minene kama njiti za kiberiti, haina hata tundu. Lakini sindano ina tundu lake tayari. Ukiondoa ncha, mtutu huo! Nilisema yote kwa pumzi moja. Sijawahi kuongea hivyo na mtu. Akacheka mpaka akashika kaunta. Ncha akazivunja mwenyewe kwa koleo, nisije nikajichoma, akanitilia kwenye kipakiti.

"Ikiisha uilete niione, kaka. Usipoileta, najua wewe teja."

Kaka! Nimerudi kazini natembea kama nina springi miguuni. Mzee Rimu, bosi wangu wa matairi, akauliza nimeokota nini. Nikasema hamna. Boksi lenyewe alinipa yeye, mteja alilitupa akisafisha buti ya gari. Mzee Rimu alisema, chukua, wewe si una subira ya kobe.

Ijumaa, 7 Machi

Mitutu imeingia! Yote mitano. Nimepiga msasa, nimeishika kwa kibanio cha nyusi cha dada yangu, pumzi nimebana, tone la gundi dogo kuliko chozi la mbu. Ukichungulia kwa mbele unaona giza ndani ya kila tundu. Shemeji, mumewe, kachungulia, karuka nyuma, kainua mikono juu. "Sijafanya kitu, afande!"

Shemeji hana akili nzuri. Nampenda sana. Yeye ndo aliyeipa jina. Siku ya kwanza alipoona ile mikia miwili akauliza, hii ndege au uma? Basi, Uma. Jina limeganda.

Halafu dada akaja. Tumbo linatangulia, yeye anafuata. Mtoto ni wakati wowote sasa. Akizaliwa tu, meza hii ninayofanyia kazi inahamia chumbani kwao, iwe ya nepi na beseni. Tulishakubaliana. Na Uma nilishasema itakaa kwenye rafu, juu ya kitanda cha mtoto. Zawadi yangu. Mjomba mtu, nitatoa nini kingine? Shati? Kila mtu anatoa shati.

Dada akaiangalia muda mrefu. Akasema nzuri. Halafu akasema bunduki zitoke.

"Mtoto wangu afumbue macho, kitu cha kwanza anaelekezewa bunduki tano? Na mjomba wake?"

Nikasema ni ndege ya vita, dada, ndivyo ilivyo, bila bunduki si yenyewe. Akasema basi ikakae hiyo yenyewe huko kazini kwenu, na matairi.

Shemeji ghafla akakumbuka ana kazi jikoni.

Dada ndiye aliyenilea. Alinifunga kamba za viatu hadi ukubwani, mpaka watu wakacheka. Nitagombana naye vipi? Lakini ile mitutu jamani! Ningejua wa kumwonyesha vile ilivyokaa sawa... Sijaitoa. Naenda kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Magari yameingia na tope kutwa. Nikapata darasa la bure. Tope haliruki ovyo! Linaanzia nyuma ya gurudumu, linapanda kama mkia wa jogoo, likikauka kingo zinakuwa nyeupe. Jioni nimelipiga hivyohivyo kwenye Uma, kwa mswaki wa zamani. Masizi ya injini ni vumbi la tairi, nimepaka kwa kidole.

Dada akapita na kitambaa, akataka kuifuta. Nikapiga ukelele! Usiguse, uchafu huo nimeupaka mwenyewe! Akaniangalia kama mgonjwa.

"Na suruali yako pia umeipaka mwenyewe?"

Neno la kwanza toka jana. Nafuu.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Nitaandika haraka nisiione tena.

Magurudumu niliyagundisha jana, nikailaza chali yakauke. Leo mchana nikaitia kwenye boksi la tyubu, nikaibeba kama trei ya mayai hadi duka la dawa. Watu wamejaa. Akaniona, akasema kwa sauti: "Teja wangu kaja!" Masikio yakawaka moto. Nikaiweka kwenye kaunta. Mara yake ya kwanza kusimama kwa miguu yake, mmoja mbele, miwili nyuma.

Haikusimama. Iliinua pua taratibu, kwa adabu zote, ikakalia mkia. Kama mbwa anayeomba mfupa! Nikaishusha. Ikanyanyuka. Nikaishusha tena. Ikanyanyuka tena. Bibi mmoja kwenye foleni akasema labda ina gesi, ipewe dawa ya tumbo.

Dada wa duka la dawa akajikaza, hakucheka. Akaomba ile karatasi. Pale kwenye picha ya kufunga pua kuna kijipicha cha jiwe la mizani, na maandishi pembeni. Kile kijipicha nilikiona toka mwanzo! Nilidhani wanasema ndege nzima ina uzito kiasi hicho. Maandishi ni ya lugha ya watu, na shule mimi niliiaga mapema. Akasoma akaniambia: kabla hujafunga pua, tia uzito ndani, la sivyo itakaa kitako.

Hapo ndo akashindwa, akacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Akauliza kwani wewe kaka unafanya kazi gani.

Nikasema nabalansi matairi.

Ilibidi atafute kiti.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Rimu kashapata habari. Nani kamwambia?! Kutwa nzima: "Fundi balansi, uzito umetia?" Mpaka wateja wanauliza. Mwisho akanirushia mfuko wa vyuma vya balansi, vile vidogo tunavyobandika kwenye rimu. Mzee wa watu, kwa mdomo mkali, kwa mkono laini.

Lakini vitapitia wapi? Pua imefungwa, gundi imeshika kama mkwe na mahari. Shemeji anasema niweke kijiti chini ya mkia. Au nimwambie mtoto hivyo ndo inaruka.

Njia ni moja tu. Ile ncha ya pua, yenye mitutu.

Nimekaa nayo jioni nzima. Sijaigusa.

Jumatano, 12 Machi

Mitutu imetoka!

Leo nimemaliza kazi mchana. Nimeing'oa mmoja mmoja kwa kile kibanio. Wa tatu ulilia tik! Moyo nao ukalia. Halafu ncha ya pua ikafuata nzima nzima, bila ufa. Nikakatakata vyuma kama vitunguu, nikavisukuma ndani kwa njiti. Chuma, gundi. Chuma, gundi. Kila kimoja naisimamisha mezani. Bado. Bado tu. Halafu pua ikasita hewani, ikawaza, ikashuka yenyewe. Tak.

Miguu mitatu! Nimeruka mpaka kichwa kimegonga rafu.

Ncha nimeirudisha. Matundu matano, matupu. Mitutu nimeilaza kwenye selotepu, imejipanga inaningoja. Tone moja moja la gundi, basi, imerudi.

Dada akaja kwa sababu ya kelele. Nikasogea pembeni aone. Akaangalia matundu, akaangalia selotepu.

"Pua kama filimbi," akasema.

Nikamwambia nimeitoa ili nitie uzito. Nisije nikajifanya mwema bure. Akasema anajua, mume wake hana siri. Halafu akasema, irudishe tu mdogo wangu, mtoto mchanga mwenyewe haoni mbali. Nikasema ngoja kwanza. Akashangaa. Si juzi ulikuwa unaililia? Nikasema juzi nilikuwa sijaiona Uma bila mitutu. Na kweli, imekaa kama kitu kinachotaka kupiga mluzi. Dada akacheka. Akacheka, akashika meza kwa mikono miwili, kicheko kikakatika katikati.

Nikauliza nini. Akasema, uchungu, tangu asubuhi.

Tangu asubuhi! Na kafua! Na kaanika!

Shemeji ametoka mbio kuazima gari la jirani, kandambili moja mguuni, nyingine ipo hapa mlangoni. Dada amekaa kitini na begi lake, anapumua kama pampu ya kazini. Mimi nilikuwa nazunguka chumba mpaka akanifokea: kaa chini, andika hilo daftari lako, unanitia kizunguzungu. Ndo naandika. Mwandiko ovyo, nitasoma mwenyewe.

Meza imeshafutwa. Uma iko rafuni chumbani kwao, juu ya kitanda kidogo, imesimama. Mitutu ipo kwenye kipakiti chake cha duka la dawa, mfukoni mwa shati langu. Sijui bado kama nitairudisha. Dada ananiuliza hilo duka si lipo njia ya hospitali? Nasema ndiyo. Anasema wakirudi atashuka amwone huyo anayemwita mdogo wake teja. Maumivu hayo, na bado anapanga kuniumbua!

Gari hilo, naona limekata kona. Lakini hiyo sauti... fap, fap, fap. Si sauti ya gari zima. Tairi la mbele limelala hadi rimu, shemeji hana habari, anapiga honi tu.

Dada naye amesikia. Ameniangalia.

"Mjomba," ameniita.

Natoka. Hakuna mwingine wa kubadilisha hilo tairi, na jeki iko nyuma ya mlango.